Sifuri ya Njiru

Kihisi tulikinunua Luthuli, duka la chini ya ngazi,
kidogo kama ukucha wa mtoto, bei ya unga wa wiki mbili.
Muuzaji akasema: hiki kinayajua maji.
Tukakiweka mezani Kariobangi, pakavu,
kati ya chai na misumari,
nacho kikatuambia tuko juu ya maji
mita moja na sentimita themanini.

Wesonga akacheka hadi akaiweka tupa chini.
Syokau hakucheka. Alihesabu nyuma ya risiti:
waliokiunda walikipimia usawa wa bahari,
kule hewa ni nzito; ya huku imepungua
kwa kadiri ya mtu mrefu aliyesimama majini.
Kumbe jiji zima, na kulalamika kwetu kulemewa,
tumepunguziwa mzigo wa kimo cha mtu
na hakuna aliyeshukuru.

Basi sifuri si moja duniani.
Tukaandika yetu.

Chombo chenyewe, usitarajie makubwa:
mabomba ya plastiki, mota tatu za pampu,
nta ya mshumaa, grisi, kopo lililokuwa la achari,
na waya wa bluu mita thelathini.
Tulikiita Kambare, kwa sababu ya ndevu.

Kukisahihisha kulitaka kina tunachokijua.
Bwawa la hoteli lina kiingilio.
Tukaenda kwa Mama Barongo, Umoja,
tukateremsha mpira mwembamba ngazini, ghorofa nne,
tukaujaza maji kwa kikombe,
kihisi kikiwa kimefungwa chini, langoni.
Kila mita, milibari tisini na nane.
Mpangaji wa ghorofa ya tatu akafungua mlango,
akaona maji yanapanda ngazi kama mgeni,
akauliza: mnapima nini tena, kodi?

Vitabuni huitwa kanieneo.
Wesonga huita kukaliwa.

Machimbo ya Njiru, tangu wachonga mawe wagonge chemchemi
wakakimbia na nyundo zao,
yanasemwa hayana chini.
Eti lori liko humo, taa zikiwaka.
Eti maji yanatokea Mto Athi.
Mama Barongo alikuja na kigoda chake, akakaa,
hakuongeza eti yake.

Kambare akazama.
Tatu nukta moja: bado kijani.
Sita: mwamba, na alama za patasi juu yake.
Tisa: kahawia, kahawia tu.
Kumi na moja nukta nne.
Kumi na moja nukta nne.
Waya ukalegea mkononi mwa Wesonga.
Kulia, tairi. Kushoto, ndoo.

Vijana waliokuja kutazama wakanuna.
Mmoja akasema mashine imeharibika.
Walilipenda shimo lao lisilo mwisho.

Mama Barongo akauliza: hiyo kumi na moja ni kama nini?
Ni kama nyumba yenu, Mama, alisema Syokau.
Kutoka kamba za nguo juu ya paa hadi langoni.

Akakaa kimya.
Mwaka ule wapiga mbizi walimwambia hapafikiki, rudi nyumbani.
Siku ya tatu, maji yenyewe yalimrudisha Barongo.
“Hizo ngazi,” alisema hatimaye,
“mimi huzipanda na mtungi.”

Akataka namba iandikwe.
Syokau akaandika, na tarehe, na chini yake:
kuzidi au kupungua, sentimita tano.
Na hizi tano ni za nini?
Ni za tusichokijua, Mama.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani,
akabeba kigoda chake mwenyewe.

Saa kumi jioni, mezani, pakavu,
kihisi kikasoma sentimita tatu juu ya maji.
Hatukuwa tumegusa kitu.
Ni hewa, alisema Syokau bila kuinua kichwa,
imeinuka kidogo, itarudi usiku.
Wesonga akafungua kopo. Lilikuwa bado linanuka pilipili,
na ndani, pembeni, tone moja.